Kumfanyisha mgonjwa wa Parkinson mazoezi kwa gemu za mwili: mwongozo kwa anayeanza nyumbani

Tangu Baba, ambaye ana Parkinson, aanze mazoezi ya gemu za TV zinazochezwa kwa kusogeza mwili pale sebuleni kwetu Rau, hapa Moshi, sipiti kwenye foleni ya kliniki bila kuulizwa. Ni mashine gani? Nitaipata wapi? Acheze dakika ngapi? Mama mikono inamtetemeka, ataweza kweli? Maswali ni yaleyale, na kila nikijibu kwa haraka najikuta nimesahau kipande kimoja, na mara nyingi kipande hicho ndicho cha usalama. Ndiyo maana nimeyaandika yote hapa, kwa mpangilio unaoweza kuufuata ukiwa na mgonjwa wako mbele yako.

Mimi si daktari. Ninamuuguza baba yangu, huu ni mwaka wa tano. Mengi humu nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na mengine niliyajua baada ya kukosea.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: gemu ikianza, wewe usiangalie TV. Macho yako yakae kwenye miguu ya mgonjwa. Siku Baba alipokaribia kuanguka, mimi na mwanangu tulikuwa tunashangilia pointi zake kwenye kioo.

Kwa nini gemu isaidie

Parkinson hupunguza dopamini, kemikali inayosaidia kuendesha mwendo, kwenye ubongo, na mwendo wote unakuwa mdogo: hatua fupi, mkono hauchezi mtu anapotembea, mwandiko unasinyaa. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa mwenyewe haoni kuwa amefanya kidogo. Baba alikuwa fundi seremala, mkono wa kulia umeshika randa miaka arobaini. Siku ya kwanza nilipompa rimoti arushe tufe, mkono ulitoka kwenye paja ukafika usawa wa mfuko wa shati, ukaishia hapo. Akaniambia ameurusha mpaka mwisho. Gemu ilimwonyesha palepale: tufe lilitambaa, vigingi vikaanguka viwili. Alirudia kwa nguvu zaidi bila mimi kusema neno.

Usitarajie muujiza. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba kwa pamoja, yalikusanya majaribio 8 yenye wagonjwa 263, na yakaona kwamba mazoezi ya aina hii huenda yakarefusha hatua kuliko fiziotherapia ya kawaida kwa muda mfupi, lakini kwa mizani ya mwili na mengineyo matokeo yalikaribiana, na ushahidi wenyewe bado ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo gemu inaongezwa juu ya dawa na fiziotherapia. Haichukui nafasi ya chochote kati ya hivyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, uhakika wa ugonjwa wenyewe. Si kila mtetemeko ni Parkinson, na si kila mzee anayetembea polepole ni uzee tu. Watafiti waliozunguka wilaya ya Hai, hapa jirani, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliwakuta watu 33 wenye ugonjwa huu, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaugua nini. Kama mgonjwa wako hajaonwa na daktari, anzia hapo.

Pili, ruhusa. Nenda kwenye fiziotherapia, iwe KCMC au hospitali ya mkoa iliyo karibu nawe, umweleze mtaalamu unachotaka kufanya. Mwambie ukweli kuhusu mambo haya: kama ameshaanguka miezi ya karibuni, ana kifafa, ana kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, anapata kizunguzungu akisimama, au anaona vitu ambavyo havipo. Lolote kati ya hayo linaweza kubadilisha mpango mzima, au kuuzuia.

Tatu, mashine. Zinazojulikana zaidi kwa kazi hii ni mbili, na zote leo utazipata kama mtumba tu kwa sababu hazitengenezwi tena:

- Wii ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2006. Mgonjwa anashika rimoti mkononi. Ina pia ubao wa mizani, ambao mtu anasimama juu yake na mashine inasoma uzito umeegemea upande gani. Ubao unabeba mpaka kilo 150.
- Kinect ya Xbox, iliyotoka mwaka 2010. Hii ni kamera inayochomekwa kwenye mashine ya gemu ya Xbox. Mgonjwa hashiki kitu, mwili wake wote ndio rimoti.

Nikiulizwa ipi, najibu hivi: kama vidole havishiki vizuri au mtetemeko wa mkono ni mkali, Kinect. Kama anahitaji mtu wa kusimama naye bega kwa bega, Wii, kwa sababu kamera ya Kinect inaweza kukuona na wewe ikadhani ni mchezaji wa pili. Sisi tunatumia Wii, na hatua nyingi hapa chini nimezieleza kwa Wii.

Nne, vitu vya nyumbani: kiti kizito cha mbao chenye mikono, viti vingine viwili vizito, raba zinazobana mguu vizuri, mkanda mpana wa suruali, selotepu ya rangi, betri ndogo za AA (ubao unakula nne, rimoti mbili), saa, na daftari.

Onyo kuhusu umeme, kabla hujachomeka chochote. Ndugu aliye Marekani alitutumia Wii yake. Nilichomeka adapta ukutani kwa kibadilisha plagi, nikasikia mlio mdogo na harufu ya plastiki. Adapta ilikuwa ya volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Geuza adapta usome palipoandikwa INPUT. Ikiwa ni 100–240V, chomeka. Ikiwa ni 120V, au 100V kwa za Japani, tafuta transfoma ya kushusha umeme au adapta ya Ulaya. Kibadilisha plagi hakishushi umeme. Na Wii ya Marekani haisomi diski za Ulaya, kwa hiyo nunua mashine na diski zake pamoja, baada ya kuziona zikicheza hapohapo dukani.

Hatua kwa hatua

1. Panga kipindi kwa saa ya dawa. Wengi wanatumia dawa zenye levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Kwa siku tatu andika saa anayomeza na saa unayoona mwili umefunguka. Kwa Baba dawa ya saa 2 asubuhi inashika kwenye saa 3, basi tunacheza saa 3 na robo. Ukimchezesha dawa imekwisha nguvu, utakuwa unamfundisha kuganda, yaani miguu kunata sakafuni ghafla. Angalia pia chakula: maharage, nyama na maziwa vinaweza kupunguza kasi ya levodopa kuingia mwilini, ndiyo maana wengi huambiwa wameze kama nusu saa kabla ya kula. Muulize daktari kuhusu yake. Usiongeze wala kusogeza dozi kwa ajili ya gemu.

2. Andaa chumba. Ondoa mkeka, zulia, stuli na meza ya katikati. Waya zote zipite ukutani, usiache hata mmoja ukikatiza sakafu. Kama sakafu yenu ni ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, siku hiyo isipigwe nta, na mgonjwa asisimame kwa soksi wala ndala. Raba, kila siku. Kiti kizito kiegemee ukuta nyuma yake. Vile viwili vingine vikae kulia na kushoto kwa ubao, migongo ikimwelekea, aweze kuishika. Kiti cha plastiki hakifai hata kidogo. Kinateleza na kupinduka naye.

Acha pia nafasi mbele ya ubao, angalau hatua mbili kamili kabla ya kufika kwenye TV. Utaona sababu kwenye hatua ya 9.

3. Unganisha, kisha cheza wewe kwanza. Cheza gemu yote ukiwa peke yako siku moja kabla. Ujue kibonye kipi kinafanya nini na gemu inaishaje. Maandishi ni ya Kiingereza, na mgonjwa hawezi kusimama akisubiri utafsiri.

4. Pima pa kuanzia. Bandika selotepu mita 3 kutoka kwenye kiti. Akae, kisha ainuke, atembee hadi kwenye selotepu, ageuke, arudi, akae. Hesabu sekunde, andika. Rudia kila wiki mbili, muda uleule baada ya dawa. Pointi za gemu hupanda hata kwa mazoea ya gemu tu. Sekunde hizi ndizo zitakazokuambia kama kuna kinachohamia kwenye maisha yake.

5. Pasha mwili akiwa amekaa. Dakika tano. Azungushe mabega, anyooshe mikono mpaka mwisho, ainue goti moja moja kama anayepiga kwata. Mhesabie kwa sauti, "moja, mbili, moja, mbili". Mdundo unawasaidia sana. Hata wimbo wa kwaya anaoujua unafaa. Kisha asimame, akae tena, asimame. Akisema kichwa kinazunguka, keti naye na leo isiendelee.

6. Mpandishe kwenye ubao. Hapa ndipo pa kwenda polepole kuliko kote. Ubao una kimo cha sentimita 5 hivi, na hizo 5 zinatosha kumwangusha mtu anayeburuza miguu. Mfunge mkanda kiunoni juu ya nguo, uukaze. Simama pembeni yake, nyuma kidogo, upande ulio dhaifu, mkono wako mmoja ukiwa umeshika mkanda kwa nyuma. Usimshike mkono wala kumvuta. Ukimvuta mkono unamtoa kwenye mizani yake mwenyewe. Mwambie: "Baba, simama. Hema. Egemea mguu wa kushoto. Sasa inua wa kulia juu, weka." Kisha wa pili. Neno moja kwa tendo moja, na usimweleze jambo jingine mguu ukiwa hewani.

Wii Fit, diski ya gemu za ubao, itataka kumpima uzito na "umri wa mwili", na majibu yake hayana adabu: inaweza kumwambia mzee wa watu kuwa ni mnene, au kumtajia umri mkubwa kuliko wake. Ruka kipimo hicho, nenda moja kwa moja kwenye gemu.

7. Wiki ya kwanza: kuhamisha uzito tu. Chagua ile ya kuinamisha meza ili mipira iingie kwenye tundu. Inamfundisha kuegemea kulia, kushoto, mbele na nyuma huku miguu imetulia, na huko kuhamisha uzito ndiko kunakompa hatua nzuri anapotembea. Mikono iguse migongo ya viti mwanzoni. Dakika 10 zinatosha, siku 3 kwa wiki.

Usidanganywe na wajukuu wanaotaka gemu yenye kelele. Utafiti wa Wii Fit uliochapishwa mwaka 2012 uliwapa wagonjwa wa Parkinson gemu 10: gemu 7 walizijifunza vizuri kama wazee wasiougua, na gemu 3 ziliwashinda. Tofauti kubwa ilikuwa kazi ya kichwa ambayo kila gemu inadai. Ile ya kupiga mipira kwa kichwa, ambamo viatu navyo vinarushwa ukwepe, mimi nimeiacha kabisa.

8. Wiki ya tatu: mikono. Hapa anacheza chini sakafuni, bila ubao. Tenisi ya diski ya Wii Sports ni rahisi kuanza nayo kwa sababu mchezaji wa kwenye kioo anakimbia mwenyewe, na kazi ya mgonjwa ni kupunga mkono tu. Kuviringisha tufe kuangusha vigingi 10 kunapendwa zaidi, lakini kuna kibonye cha kubana chini ya rimoti na kukiachia mkono ukifika mbele, na kuachia ndiko kunakowashinda. Mfundishe kwa maneno: "Bana… rudi nyuma… tupa, achia." Kamba ya rimoti iwe kwenye kifundo cha mkono muda wote. Menyu chagua wewe, kisha umkabidhi.

Unachodai kwake ni ukubwa wa tendo. Atapata pointi kwa kutikisa kifundo tu, na atakapogundua hilo atafanya hivyo. Mwambie mkono utoke begani.

9. Mteremshe kwa kwenda mbele. Watu wengi wanamrudisha nyuma kutoka kwenye ubao, na wagonjwa hawa huanguka kwa urahisi wakirudi nyuma. Ashuke kwa kupiga hatua mbele, kuelekea kwenye TV, wewe ukiwa na mkanda mkononi. Kisha ageuke kwa duara pana, kama gari linavyozunguka kipilefti cha Mnara wa Saa, hatua kwa hatua. Asizunguke juu ya kisigino.

10. Akae, anywe maji, uandike. Tarehe, saa ya dawa, gemu, dakika, na kila mara alipoyumba au kuganda. Kila gemu moja ikiisha akae dakika mbili, hata akisema hajachoka. Ongeza dakika tano kila wiki mpaka kufikia 30. Zaidi ya hapo sisi hatujawahi kuhitaji.

Makosa ninayoyaona kwa wanaoanza

Wanamshindanisha na watoto. Mashindano yanamharakisha, na haraka inafupisha hatua. Mtoto acheze zamu yake, mgonjwa akiwa amekaa.

Wanamchezesha usiku baada ya kazi, kwa sababu ndipo nyumba nzima ipo. Usiku amechoka, na umeme ukikatika amesimama juu ya ubao, giza lile la ghafla linaweza kumgandisha papo hapo. Tunacheza mchana dirisha likiwa wazi, na LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, naiangalia kabla.

Wanamsemesha. Jirani akiingia, salamu zisubiri. Mgonjwa akijibu "marahaba" akili inahama kutoka miguuni, na miguu inasimama kufanya kazi.

Mambo yakikwama

*Miguu imeganda sakafuni.* Usimsukume. Mwambie asimame kabisa, ahamishe uzito kulia na kushoto mara mbili, kisha hatua moja kubwa. Ikishindikana, weka mguu wako mbele ya wake kwa kukingama, mwambie aupite. Mistari ya selotepu sakafuni inafanya kazi hiyohiyo.

*Mwili unacheza wenyewe, kama unanyonganyonga.* Hiyo mara nyingi inakuja dawa ikiwa kwenye kilele. Asimamishe, akae. Ikijirudia, sogeza kipindi nusu saa na umweleze daktari.

*Alama ya mkono inaruka kwenye kioo.* Jua linapiga kwenye kile kipande cha sensa kinachokaa juu au chini ya TV, au sensa imehama. Funga pazia, isimamishe katikati ya TV.

*Kinect haimwoni.* Arudi nyuma kufikia mita 2 hivi. Kanga, kitenge cha kujifunga na kanzu zinaificha miguu, avae suruali. Wewe kaa pembeni, nje ya macho ya kamera, ila usiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Kama hilo haliwezekani sebuleni kwenu, badilisheni kwenda Wii.

*Ubao hauwaki au unasoma vibaya.* Badilisha betri zote nne pamoja. Kisha fungua kifuniko cha betri, bonyeza kitufe chekundu, na kile chekundu cha kwenye mashine kilicho nyuma ya kifuniko cha kadi. Ubao ukae kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia.

*TV mpya haina matundu ya nyekundu, nyeupe na njano.* Omba kwa fundi kigeuzi cha AV kwenda HDMI. Ni kijidude kidogo.

*Anasema hii ni michezo ya watoto.* Baba alisema hivyo, na alikataa wiki nzima. Niliacha kuita gemu, nikaita mazoezi, na nikamwomba mtaalamu wa fiziotherapia amwambie yeye mwenyewe. Neno la mtu wa hospitali lina uzito ambao la mtoto halina.

*Ameanguka.* Usimnyanyue kwa haraka. Mwache alale, muulize panapouma, angalia kichwa na nyonga. Akiwa amegonga kichwa, au hawezi kukanyaga, au anachanganyikiwa, ni hospitali sasa hivi. Akiwa salama, mletee kiti karibu, apige magoti, ashike kiti, mguu wenye nguvu mbele, ainuke kwa nguvu zake wewe ukiwa na mkanda. Andika saa, gemu, na muda tangu dawa. Kisha mpigie mtaalamu wake, na mashine ikae imezimwa mpaka amwone.